Aliyelala Zizini

Ng'hambala, 14 Januari 2024

Kwa baba mkubwa Mazengo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kifua hakikusumbui na huo upepo wa bwawani. Sisi huku hatujambo. Mvua zilianza kwa kusuasua lakini mtama umeota. Baba anaumwa nyonga, anatembea na fimbo, na hataki mtu amwambie kwamba anatembea na fimbo. Mama anakusalimu sana na anauliza kama kweli siku hizi unakula samaki, wewe Mgogo mzima. Yule mbuzi mweusi, kizazi cha wale uliotuachia, kazaa mapacha.

Najua hupendi simu. Nilipokupigia Krismasi ulisema salamu hazijaisha na salio limeshakwisha, ukakata. Kwa hiyo naandika, na Thomas wa lori la samaki amekubali kuwa posta yetu.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi. Mimi ni mwongoza wageni katika makumbusho yaliyojengwa pale pale kwenye boma lako la zamani. Usicheke. Ulipohama, kijiji kilichimba pale msingi wa tangi la maji, wakakuta vigae, majivu na mifupa ya ng'ombe, wakaita wataalamu. Kumbe chini ya boma lako kuna kijiji kingine, cha watu waliofuga hapa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mashimo ya nguzo za nyumba zao yapo. Mafiga yapo, bado meusi. Zizi lao lipo chini ya zizi lako, samadi imegeuka udongo wa kijivu, laini kama unga. 

Jengo lenyewe lilichorwa na kijana wa Dodoma mjini anaitwa Octavian. Amelijenga kama tembe ndefu, paa bapa la udongo, kuta nene. Ukipita barabara ya Kondoa utadhani ni nyumba ya mtu mwenye wake wengi. Ndani ardhi imeachwa wazi kama ilivyochimbwa, na wageni wanapita juu yake kwenye daraja la mbao, bila viatu. Ni jengo zuri kuliko yote niliyowahi kuingia, baba mkubwa, na nimeingia hata Bungeni kwenye ziara ya shule.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Kaburi la mama mkubwa Anyesi limo ndani ya uzio wa makumbusho. Wazee wa ukoo, baba akiwa mbele yao, wanasema hii ndiyo nafasi ya kumtoa pale zizini na kumpeleka walikolala wanawake wengine wa ukoo. Ofisi imesema haitagusa udongo wake bila neno lako wewe uliyekuwa mumewe. Ufunguzi ni mwezi wa nane.

Alipozikwa mimi nilikuwa shule ya bweni. Ninachojua ni kwamba ulimzika zizini, mahali anapozikwa mwenye boma tu, kwamba wazee walikataa kula msibani, na kwamba baada ya hapo ulihamia Mtera. Nikimuuliza baba, anaanza kutafuta fimbo yake. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Abaki au ahamishwe?

Mwanao,
Debora


Mtera, 2 Machi 2024

Mwanangu Debora,

Marahaba. Nimeipata barua yako ikinuka perege, kwa hiyo Thomas ni mwaminifu. Kifua kipo, kinakohoa asubuhi na kunyamaza mchana. Nachunga ng'ombe wa bwana mmoja hapa kando ya bwawa. Ni ng'ombe wavivu, maji yapo mlangoni mwao, hawajui hata kutembea. Mwambie mama yako nimekula samaki, ndiyo, na sijaota mapezi. Kati ya hao mapacha wa mbuzi, mmoja mpe mama yako.

Nimefurahi umepata kazi. Sikuelewa vizuri kazi ya kuwaonyesha watu shimo, nikamsomea jirani yangu Obedi, naye hakuelewa. Lakini baadaye nimelala nikiwaza habari za hao watu. Basi niambie. Zizi lao lilikuwa kubwa kiasi gani? Lango lilitazama wapi? Ndama walitengwa au walilala na mama zao? Walikuwa na mbuzi? Maji waliyachota wapi, maana pale kwetu maji ni shida hata kwa sala? Mtu aliyeweza kukaa pale bila kisima cha serikali ni mtu wa kuvuliwa kofia. Mimi nilikaa pale miaka yangu yote nikijiona mwenyeji, kumbe nilikuwa mgeni tu.

Na huyo Octavian umwambie paa la udongo lipigwe upya kila mwaka kabla ya masika, la sivyo atawaogesha wageni wake.

Kuhusu lile jambo lako la mwisho, karatasi imeisha.

Baba yako mkubwa,
Mazengo


Ng'hambala, 20 Machi 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mapacha wanakua, mmoja ni wa mama sasa na anamlea kama mjukuu. Nyonga ya baba iko vile vile. Mtama unatoa mashuke na ndege wameshatujua majina.

Ulisema karatasi imeisha. Nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe, baba mkubwa. Nimeihifadhi, ukipenda nitakurudishia uendelee.

Maswali yako niliyapeleka kwa Dokta Evodia, mtaalamu wa mifupa kutoka chuo kikuu, na alifurahi kuliko anavyofurahi wageni wa wizara wakija. Lango lilitazama machweo kama lako. Ndama walitengwa, kuna uzio mdogo ndani ya ule mkubwa, mashimo ya fito zake yanaonekana. Mbuzi na kondoo walikuwepo. Maji anadhani waliyafukua kwenye mchanga wa korongo, kama tunavyofanya sisi kiangazi. Nikamwambia basi ni ndugu zetu. Akasema hilo mifupa haiwezi kulisema, wanaweza kuwa watu wengine kabisa. Lakini alicheka.

Halafu wiki iliyopita wamekuta kaburi. Liko katikati ya zizi la kale. Bado wanaondoa udongo kwa brashi, lililoonekana ni fuvu na bega. Amelazwa ubavu, na shingoni ana shanga za gamba la yai la mbuni, nyingi, zimekatwa sawasawa mpaka unajiuliza walitumia jicho gani. Kichwani amewekewa bakuli la jiwe. Nililia, sijui kwa nini. Wachimbaji walizima redio yao bila kuambiwa.

Dokta alisema tusiseme kitu mpaka amalize kazi yake. Nani wa kumsikiliza? Jioni ile ile kijiji kizima kilikuwa kimeshampa cheo, Mzee wa Zizi. Watu walikuja wakamsalimia kutoka darajani kama wanavyomsalimia baba wa boma. Hata mimi nimeandika kibao cha wageni kwa mkono wangu: "Mzee wa Zizi, mkuu wa kijiji cha kale." Tumejivuna sana. Kumbe desturi yetu ni ya kale kiasi hicho, na watu wa mjini wanatuona washamba.

Lakini sasa lipo la kukuambia, na silipendi. Baba alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema, "Mnaona wenyewe. Hata wale wa kale walijua. Zizini analala baba." Watu wakapiga makofi. Wameamua kwamba mtama ukishavunwa, kabla ya ufunguzi, mama mkubwa Anyesi ahamishwe. Wanangoja neno lako tu, na baba anasema safari hii huna la kujibu.

Nijibu, tafadhali. Hata kama ni kwa kunigombeza.

Debora


Mtera, 28 Mei 2024

Debora,

Marahaba. Huku salama. Umeme ulikatika hapa kwenye bwawa lenyewe la umeme, tukacheka. Obedi amemwoza binti yake. Najua nimechelewa. Thomas alipita mara nyingi akiuliza kama nina barua, nikamwambia bado, mpaka akaacha kuuliza.

Mtoeni.

Nimekuwa nikibishana na watu walio hai tangu siku ile. Sasa mmeniletea na aliyekufa zamani, naye yuko upande wa baba yako Meshack. Nimechoka mwanangu. Kama mtu aliyelala pale tangu enzi hizo anasema zizini ni mahali pa baba, mimi ni nani.

Naomba mambo machache. Mfanye asubuhi, jua likiwa changa. Nimempa Thomas shuka jeupe, jipya, mumfunge nalo. Mumlaze akitazama machweo, lango lilikokuwa, kwa sababu ndiko alikozoea kutazama jioni ng'ombe wakirudi. Na Meshack asihubiri juu yake. Achimbe kama anataka, asiseme.

Mimi sitakuja.

Mazengo


Ng'hambala, 9 Juni 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Safari hii salamu zitakuwa fupi, utanisamehe. Wote wazima, mtama umo ghalani, fimbo ya baba imevunjika na amechonga nyingine.

Barua yako ya Mei niliipokea. Sijampa mtu. Si ofisi, si baba. Shuka liko kwenye sanduku langu chini ya nguo za kanisani. Nilijiambia nitaitoa kesho, kesho ikifika nikajiambia hivyo hivyo. Wazee wakaniuliza kama umejibu, nikasema lori limeharibika. Thomas amenuna, anasema lori lake halijaharibika hata siku moja tangu alinunue.

Nashukuru Mungu kwamba nilichelewa. Sikiliza.

Dokta Evodia amemaliza. Alituita wote darajani, wafanyakazi, wazee, mwenyekiti wa kijiji, na baba akiwa mbele. Akashuka chini pembeni ya kaburi, akapiga magoti, akaonyesha nyonga kwa kijiti. Akaeleza taratibu jinsi nyonga ya mwanamume inavyokaa na jinsi ya mwanamke inavyokaa. Kisha akasema, "Huyu ni mwanamke."

Mwenyekiti aliuliza kama inawezekana amekosea. Akasema angetamani kukosea aone sura zetu zikirudi kawaida, lakini ametazama kila mfupa, na mwenzake wa Dodoma ametazama, na ni mwanamke wa makamo. Mgongo na mabega yake ni ya mtu aliyebeba na kuinua vitu vizito maisha yake yote. Na kuna jambo lingine. Hakuzikwa boma likiwa limehamwa. Samadi imelala juu ya kaburi, tabaka juu ya tabaka. Walimlaza pale, wakarudisha ng'ombe wao, wakaendelea kuishi naye.

Baba mkubwa, nimesimama kwenye lile daraja kila siku tangu hapo. Mtu fulani, kabla hata ya sisi kuitwa Wagogo, alisimama katikati ya zizi akasema huyu analala hapa. Labda walimbishia. Labda hakuna aliyebisha. Dokta anasema ardhi haitunzi maneno, hawezi kujua kwa nini. Lakini wewe unajua sababu yako. Hujawahi kuniambia na mimi sikuwahi kuuliza vizuri. Sasa nauliza.

Kibao changu nimekitoa. Baba alichukua fimbo yake akatoka pale wa kwanza.

Debora


Mtera, 13 Juni 2024

Mwanangu Debora,

Marahaba, marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Ng'ombe wa watu wameingia shamba la mtu mchana huu kwa sababu yako. Thomas anangoja, injini inawaka, kwa hiyo usitafute mwandiko mzuri.

Nakueleza. Mwaka ule wa ukame mkubwa wewe ulikuwa mdogo. Mimi nililazwa na kifua kikuu, nikakaa hospitali mpaka nikasahau harufu ya nyumbani. Anyesi alibaki na kundi lote. Baba yako alikuwa na ng'ombe wake wanaokufa, simlaumu. Anyesi akawahamisha wa kwetu mpaka kwenye korongo. Alifukua mchanga kwa mikono na kibuyu mpaka akakuta maji, kila siku shimo linakauka, kila siku anafukua jingine. Ndama aliwanywesha mmoja mmoja. Alilala katikati yao na moto, kwa ajili ya fisi. Kuna jike mmoja mzee alishindwa kusimama, akawa anamwinua kila asubuhi kwa bega lake.

Niliporudi zizi lilikuwa na ng'ombe. Wamekonda, unaona mbavu zote, lakini wako hai, kijiji kizima hakuna mwenye ng'ombe ila sisi. Aliniambia, "Ng'ombe wako hawa hapa." Akaingia ndani akalala usingizi mpaka kesho yake jioni. Mikono yake haikupona sawasawa tena. Mimi nikasimama zizini nikajua kwamba si wangu. Mwenye zizi alikuwa ndani amelala.

Hao ng'ombe ndio waliorudisha mifugo ya ukoo. Mtamba wa kwanza alipewa Meshack. Muulize.

Basi alipofariki nikasema mwenye zizi alale zizini. Nilidhani hakuna hata wa kuuliza. Wakauliza wote. Baba yako alisimama mbele ya watu akaniuliza, "Huyu ukimlaza hapa, wewe tutakulaza wapi?" Watu walicheka, msibani. Nilimzika, nikafunga mzigo wangu. Hilo swali limekaa na mimi hapa Mtera kama mpangaji asiyehama.

Sasa huyo mama wa zamani. Nimemuwaza siku nzima. Nimeiwaza mikono iliyokata zile shanga, na watu waliomrudishia ng'ombe juu yake ili asiwe peke yake. Walikuwa watu wenye akili na walikuwa watu wenye adabu. Nawavulia kofia mara ya pili. Na huyo dokta aliyepiga magoti kuangalia vizuri, badala ya kudhani kama sisi wengine, mpe salamu zangu.

Barua yangu ya Mei ichome. Anyesi asiguswe.

Lakini kuja sitakuja. Aliyeuliza hajaliondoa swali lake.

Mazengo


Ng'hambala, 30 Juni 2024

Baba mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Baba mzima, mama mzima, mapacha wamekula khanga ya mama na wako hai bado, jambo linaloonyesha jinsi mama anavyowapenda. Barua ya Mei nimeichoma jikoni.

Ile sehemu ya ukame nilimsomea baba. Hukunikataza. Nilisoma mpaka pale pa jike mzee aliyeinuliwa kwa bega, akanyanyua mkono nisimame. Akasema, "Huyo jike ndiye aliyezaa mtamba niliyepewa." Akaondoka. Nikadhani nimeharibu kila kitu.

Kesho yake nilimkuta makumbusho kabla sijafungua mlango. Hakuwahi kuingia ndani peke yake. Nilimfungulia, akavua viatu kwa shida na ile nyonga, akaenda darajani mpaka juu ya yule mama. Alisimama muda mrefu sana. Octavian ameacha tundu moja kwenye paa, asubuhi mwanga unaingia hapo na kutembea juu ya zizi polepole. Mwanga ulipomfikia, baba alisema, "Mbukwa, mama." Kama anavyomsalimia mtu mlangoni kwake.

Kisha alitoka nje, akaazima jembe kwa mtunza bustani, akaenda kupalilia kaburi la mama mkubwa Anyesi. Nilitaka kumsaidia akanifukuza. Alipalilia mpaka mchana, fimbo akiwa ameichomeka ardhini pembeni. Wazee wawili walipita wakasimama kumwangalia.

Ofisi imekubali Anyesi abaki. Yule mama wa kale naye habebwi kwenda popote. Shanga zake hazitawekwa kwenye kioo. Watamfunika udongo wake mwenyewe, alale, na wageni wataona mahali alipo. Kibao kipya nimekiandika mimi, Dokta Evodia amekisoma na kukikubali: "Hapa katikati ya zizi amelala mwanamke. Hatujui jina lake. Waliomlaza hapa walimheshimu, wakaendelea kuchunga juu yake."

Wiki ijayo mafundi wanaanza kuweka uzio mdogo wa mawe kuzunguka kaburi la mama mkubwa. Jana fundi alimuuliza baba uzio uwe na upana gani. Baba akaniita. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, na aliyasema akitazama chini:

"Mwandikie kaka yangu. Muulize atapenda kulala upande gani wa mkewe, ili mafundi waache nafasi."

Debora


Mtera, 6 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kifua chepesi leo. Obedi anakusalimu, sasa ameelewa kazi yako na anataka kuja kuona.

Mwambie mdogo wangu, kushoto kwake. Ndiko nilikolala siku zote. Lakini mwambie asichimbe bado, maana namjua kwa haraka zake.

Nakuja Jumamosi ijayo na Thomas. Mama yako asichinje kuku. Naleta samaki, na Meshack atakula, tena mbele yangu. Tukishakula atanipeleka kumwamkia huyo mama wa kale, maana mimi ndiye niliyefuga juu yake miaka yote bila hodi. Zile shanga usiku wa jana nimeziota.

Na lile shuka jeupe ulilolificha, litoe sandukuni ulitandike kwenye kitanda cha wageni. Nitalilalia mimi.

Baba yako mkubwa,
Mazengo